Sufuria Iliyo Kifungoni

Vudee,
Jumapili, 14 Agosti 1994

Mke wangu Magreth,

Huku ni baridi na ukungu, na mimi ni mzima wa mwili. Nyumba ya marehemu baba bado imesimama, ila jikoni bati moja limeng'oka. Mengine yote ni hasira, na kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia, itabidi uzisome wewe.

Hasira ya kwanza unaijua. Tangu ujana wangu nimeitunza korona, mashine ya kukamua mkonge pale shambani, naijua sauti yake kuliko sauti ya ndugu zangu, halafu siku moja wanakuja watu na gesi ya kukatia vyuma, wanaikata vipande kama mua. Shamba limefungwa, kambi imefungwa, kila mtu ashike njia yake. Sasa niko mlimani na jembe, nalima mteremko ambao ukisimama vibaya unaangukia shamba la mtu mwingine.

Hasira ya pili ni majirani. Upande wa juu wanakaa Mzee Aminieli na mkewe Bibi Eliakunda. Wamekwisha kuupita umri wa kuzikwa, Mungu anisamehe, lakini inaelekea hawajaambiwa. Alfajiri mzee anapuliza pembe, na wazee wenzake wanatoka mmoja mmoja na majembe na makarai, wanapanda kwenye ndiva. Wewe ulizaliwa kambini bondeni, ndiva huijui. Ni lambo la udongo walilochimba mababu. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Yetu ilibomoka zamani, wakati sisi vijana tumeshuka kufuata mishahara. Sasa wazee wameamua kuifufua kabla ya mvua za vuli, na kati yao hakuna hata mmoja mwenye magoti mawili mazima.

Juzi hawakuniona kwenye msaragambo, hiyo kazi yao ya pamoja, wakaja nyumbani. Mila ya huku ni kwamba asiyetokea huchukuliwa chombo cha ndani mpaka siku atakapofanya kazi. Bibi Eliakunda akaangaza macho jikoni, akachagua sufuria. Ile yetu ya harusi, uliyonipa nije nayo. Nikamwambia, "Bibi, hiyo ndiyo ninayopikia." Akasema, "Ndiyo maana utaikumbuka." Akajitwika, akaondoka anaimba. Napikia kwenye kopo la mafuta.

Humphrey, mwenzangu wa kazi kule kambini, ameniandikia kutoka Mererani. Anasema kwenye mashimo ya Tanzanite wanatafuta mtu anayejua mitambo, na ameniwekea nafasi. Nafikiria kwenda. Shamba bila maji ni vumbi, na siwezi kuzeeka huku nikidharauliwa na watu ambao meno yao yote ukiyakusanya hayajazi kinywa kimoja.

Barua hii anakuletea Bibi mwenyewe, kesho anashuka gulioni na ndizi zake. Hajui kusoma, kwa hiyo nimeandika bila kujibana. Mpe chai. Msalimie Bahati.

Mumeo,
Gideoni


Same,
15 Agosti 1994

Baba Bahati,

Naandika karatasi ikiwa juu ya goti. Bibi Eliakunda amekaa kwenye benchi langu hapa stendi, anamalizia wali maharage. Nilimwambia ale tu, yeye ni mgeni wangu. Amekataa katakata, amenilipa kwa ndizi, na ameniosheа sahani mbili kabla sijamwona. Huyo ndiye unayemlalamikia.

Barua yako nimeisoma akinitazama. Nilipomaliza akaniuliza, "Mumeo kasema nini juu yetu?" Hebu fikiria, Gideoni. Fikiria nilivyokaa na ile karatasi mkononi, umeandika mtu kapita umri wa kuzikwa, na mtu mwenyewe yuko mbele yangu anapuliza chai ipoe. Nimemjibu vizuri. Usiniulize nilimjibuje.

Mererani sitaki kuisikia. Unamkumbuka Anthony tuliyepakana naye kambini? Aliondoka Pasaka ya mwaka jana, akasema anakwenda mwezi mmoja. Mkewe mpaka leo likija basi la kutoka Arusha anasimama. Mimi sitakuwa mwanamke wa kusimama.

Na usidhani huku niko likizo. Kila aliyepunguzwa kazi sasa anauza chapati. Wauzaji tumejipanga hapa mstari mzima, mnunuzi anapita katikati yetu kama bwana harusi, na mara nyingi hanunui. Chumba kinavuja. Bahati anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi ujao, ananiuliza mwakani tutakuwa wapi, namwambia kamuulize baba yako. Tulikubaliana wewe na mimi: ukipanda vuli hii, mwakani tunahamia huko wote. Mimi baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, huko kwenu sina ndugu hata wa kusingiziwa, na naogopa. Lakini nilikubali. Basi panda.

Na sufuria yangu uikomboe.

Magreth


Vudee,
28 Agosti 1994

Magreth,

Kuna jambo silielewi.

Tangu Bibi arudi kutoka kwako watu hawa wamebadilika. Zamani wakipita hapa walikohoa tu. Sasa Mzee Aminieli ananiita kwa jina la baba yangu, na jioni naikuta sufuria mlangoni imejaa makande ya moto. Asubuhi, mimi nikiwa bado kitandani, inachukuliwa tena. Nilipouliza, Bibi akasema sufuria ingali kifungoni, ila wafungwa huruhusiwa kutoka kufanya kazi. Wewe hukosi kututania Wapare kwa ubahili. Basi utaelewa kwa nini makande ya bure yalinitia hofu.

Jana nikaijua sababu. Walikuja wote, wakakaa uani. Mzee akasimama, akavua kofia, akanishukuru kwa kujitolea kutengeneza mlango wa chuma wa ndiva. Mimi! Tangu zamani tundu la kutolea maji wanaliziba kwa gogo, na gogo huoza. Sasa wanasema nimeahidi chuma. Nikamtazama Bibi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyenisikia kwa masikio yake. Nadhani uzee umeanza kumchezea. Nilitaka kukanusha palepale, lakini makande yao yalikuwa bado kinywani.

Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni kuwatazama. Bibi anapanda na karai la matope kichwani, anapumzika kwenye jiwe, anaendelea. Juzi aliteleza akashuka kwa makalio mpaka chini. Nikatoka mbio kwenda kumwinua, nikamkuta anacheka, anamlaumu mumewe kwa kumwaga maji njiani. Nilirudi ndani nimekasirika, wala sijui nilimkasirikia nani. Nina miaka arobaini na nne, Magreth, na asubuhi sioni sababu ya kuvaa suruali.

Humphrey anasema nafasi itaningoja mpaka katikati ya Oktoba. Nitumie viatu vyangu vya kazi, vile vyenye chuma mbele.

Gideoni


Same,
29 Agosti 1994

Gideoni,

Bibi hajachanganyikiwa. Ni mimi.

Siku ile alikuwa ametoka kunieleza jinsi gogo la ndiva linavyowaozea. Aliponiuliza umesema nini, nikainua barua yako nikamsomea hivi: "Wazee hawa wananitia moyo kila ninapowaona, na kama watanikubali nitawatengenezea mlango wa chuma, maana vyuma ndiyo kazi yangu." Yote niliyatunga. Niliyasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, na kidogo niyaamini.

Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mume wangu amelala kitandani anamtukana?

Wewe umechoka, nimesikia. Hata mimi nimechoka. Nimechoka na moshi, nimechoka na paa, na sasa nimechoka kusoma habari za bibi kizee anayebeba matope zikiandikwa na mwanamume aliyemwona kupitia dirisha. Ukimwona mtu wa umri ule hajakata tamaa, nenda ukamsaidie au funga dirisha. Wewe hufanyi hili wala lile, unakaa hapo unamchukia.

Viatu sitaleta. Nakutumia sanduku lako la spana. Utingo ameliweka chini ya kiti, na Bibi amelikanyagia miguu yote miwili lisiibwe.

Magreth


Vudee,
11 Septemba 1994

Magreth,

Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza, maneno yaliyokuja yalikuwa ya kuvunja nyumba. Umenifunga kamba shingoni halafu ncha ukampa Bibi. Hujaniuliza. Umeniahidi kama mbuzi.

Lakini neno limekwisha kusemwa kwa jina langu, na baba yangu amezikwa hapa. Siwezi kuwaambia watu hawa kwamba mke wangu ni mwongo. Kwa hiyo nautengeneza huo mlango.

Kuna kitu na mimi sikukwambia. Siku walipoikata korona niliondoka na bamba moja la chuma chake. Nililileta huku limefungwa ndani ya blanketi, nikaliweka chini ya kitanda, nikalala juu yake kama kuku aliyeatamia yai viza. Sikujua naliwekea nini. Sasa nimelitoa. Nalikata kwa msumeno wa mkono, nalipiga tupa, nalitengenezea fremu ya mbao ngumu. Mzee Aminieli anakuja kukaa karibu ili anisifu. Kila nikipiga nyundo anasema, "Naam!" Hebu jaribu wewe kufanya kazi na mtu anayesema naam.

Usidhani umeshinda. Mlango ukimalizika nitakuwa nimewalipa, na hawatakuwa na neno nami. Nimekwisha kumjibu Humphrey. Jumatatu ya tarehe 10 Oktoba napanda gari la asubuhi, nashuka Same, nachukua basi la Arusha. Nimechoka kuwa mzigo, nimechoka kushindwa na wazee. Angalau shimoni hakuna atakayenijua.

Gideoni


Same,
26 Septemba 1994

Baba Bahati,

Bahati amemaliza mtihani. Ameniuliza tena mwakani tutakuwa wapi. Safari hii nilimpa ndoo akachote maji.

Ukipanda gari hilo tarehe 10, usije kwenye benchi langu kuaga. Ukiwa umekaa ndani ya basi nitakuona dirishani, nawe utaniona, itatosha. Usiniambie ni kwa mwezi mmoja. Na ukishafika huko usiniandikie.

Magreth


Vudee,
Alhamisi, 13 Oktoba 1994

Magreth,

Jumatatu sikuwamo ndani ya basi. Nataka nikueleze ilivyokuwa, na mwandiko uuvumilie maana mikono inaniuma.

Mlango niliumaliza Ijumaa. Jumamosi nikaupachika, nikawaachia wao kazi ya kukanyaga udongo wa kuuzungushia, mimi nikarudi kufunga begi. Udongo ule wa mfinyanzi hukanyagwa kwa miguu mpaka ushikane. Ni kazi ya watu wengi, nao ni wachache, na mimi nililijua hilo. Hawakuniomba nibaki. Jumapili jioni wakauteremsha mlango maji yaanze kujaa.

Jumatatu alfajiri nilitoka na begi, nikapita kuitazama ndiva kwa mara ya mwisho. Ukuta ulikuwa umefumuka kando ya mlango. Bamba langu limelala kwenye matope, na chini yake migomba ya Bibi imefunikwa mawe. Kazi yao ya miezi yote ile, Magreth. Wao walikwisha kuona kabla yangu, nyayo zao zilikuwa pale, na walikuwa wamerudi majumbani.

Nitakwambia ukweli hata kama utanichukia. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa watakaa chini kama watu wa umri wao, na mimi nitaondoka bila kushindwa na mtu. Nikaenda barabarani, nikakaa kwenye jiwe kungoja gari.

Ndipo pembe ikalia.

Haijawahi kunikasirisha vile. Nilisimama nikapiga kelele peke yangu barabarani, "Nyamazeni!" Haikunyamaza. Wakaanza kutoka na makarai yao, mmoja mmoja, wakinung'unika, wakigombana nani alikanyaga vibaya. Mzee Aminieli alimwambia Bibi kwamba upande wake ndio uliofumuka. Bibi akamjibu kwamba yeye mzee ndiye hana upande wowote, maana muda wote alikuwa anapumzisha mapafu kwa ajili ya pembe. Walinipita hapo na begi langu. Bibi akasimama kidogo, akasema, "Safari njema, baba. Bamba lako halikupinda." Akaendelea na njia.

Gari likaja. Utingo akashika begi, mimi nikashika upande wa pili, tukavutana. Niliwachukia wale wazee mpaka machozi yakanitoka mbele ya abiria. Niliwachukia kwa sababu walikuwa wanakwenda kuanza upya na hawakunilaumu. Dereva akapiga honi. Nikamnyang'anya utingo begi, nikavua viatu, nikawafuata.

Tumekanyaga tangu siku hiyo mpaka jana. Miguu imepasuka. Wanaimba nyimbo nilizodhani nimezisahau, na ukikosea mstari Bibi anakupiga kikumbo. Jana jioni tuliuteremsha mlango, na leo asubuhi ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Walisema nifungue mimi. Nilipoliinua lile bamba lilitetemeka mikononi, vilevile lilivyokuwa likitetemeka kiwandani korona ikianza kazi. Maji yakashuka. Mzee akasema, "Naam!"

Baadaye nilimwambia Bibi ukweli, kwamba ile barua haikuwa na maneno uliyomsomea. Alicheka mpaka akashika mti. "Nilijua tangu siku ileile," akasema. "Nilikuwa namtazama mkeo usoni. Mtu hasomi sifa za watu amekunja uso vile. Nikasema moyoni, mwanamke anayeweza kumtungia mumewe maneno mazuri namna hii huku amemkasirikia, huyo aletwe huku kwetu."

Tumepewa zamu ya maji. Nimeanza kutifua kwa ajili ya mahindi na maharage. Sikuahidi kwamba nitakuwa na furaha, wala kwamba nitaweza. Pembe bado inanichukiza. Lakini Mererani siendi.

Nilimwomba Bibi sufuria yetu, maana kazi nimefanya. Amekataa. Anasema sufuria ni ya mwanamke, na atamkabidhi mwenyewe.

Gideoni


Same,
17 Oktoba 1994

Baba Bahati,

Jumatatu ile niligeuza benchi nikaipa barabara mgongo. Basi la Arusha lilipoanza kuondoka nikasimama. Ndiyo, nilisimama, mimi niliyesema sitasimama, na kijiko mkononi. Nikatazama dirisha moja baada ya jingine, sikukuona. Nilidhani umeinama usinione. Wiki nzima nimekuchukia kwa hilo pia, na hasira haiishi siku moja, kwa hiyo nitakuja nayo.

Bibi yuko hapa mbele yangu. Ameniuliza tena umeandika nini. Safari hii nimemsomea yote kama yalivyo, hata pale uliposema ulifurahi ukuta ulipofumuka. Nilidhani atakasirika. Alizungusha kikombe, kisha akaniambia jambo ambalo Mzee hataki lijulikane, na mimi nakwambia wewe.

Asubuhi ile walipotoka kuuona ule ukuta, walirudi nyumbani wakaamua kwamba imetosha. Mzee alipanda kitandani na matope yake miguuni, akageukia ukutani. Pembe aliitupa nje. Bibi naye alikuwa amekaa jikoni, hakuwasha moto. Anasema hajawahi kuchoka vile tangu azaliwe. Kisha akatazama mlangoni, akakuona umekaa kwenye jiwe na begi lako. Akaenda akaiokota pembe, akamtikisa mumewe. "Amka upulize," akamwambia. "Yule mtoto anaondoka."

Tunapanda gari la kuja huko Jumamosi, mimi na Bahati. Jumatatu ikilia hiyo pembe, usingoje nikuamshe.

Magreth